Nilichojifunza Katika Barua za Linus Pauling

Wanafunzi wangu wa kemia wanamjua Linus Pauling kwa namba tu. Florini 4.0, oksijeni 3.5, kaboni 2.5: ni kipimo chake cha nguvu ya atomu kuvuta elektroni, na mwalimu hawezi kueleza tabia ya maji bila kukigusa. Mimi nilimfikia kwa njia nyingine. Mpwa wangu alizaliwa na selimundu. Nilipotafuta chimbuko la maarifa tuliyo nayo juu ya ugonjwa huo, nikakutana na makala ya mwaka 1949 katika jarida la Science, ambamo Pauling na wenzake watatu walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa ina chaji ya umeme tofauti na ya mtu asiye mgonjwa. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kufuatiliwa mpaka kwenye molekuli. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, akaonyesha kwa nini jeni hiyo imeshamiri huku kwetu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Kutoka kwenye makala hiyo niliingia kwenye barua zake, na huko nimekaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Pauling, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1994, ndiye mtu pekee aliyepata Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mwingine: ya Kemia mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Alikuwa hatupi karatasi. Hati zake na za mkewe, Ava Helen, zipatazo nusu milioni, zinatunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mjini Corvallis, ambako wote wawili walisoma. Nami nilikuwa nimechaguliwa kuwa katibu wa chama kidogo cha wazazi wenye watoto wa selimundu wilayani kwetu. Kazi ya katibu ni barua, kwa hiyo nilizisoma zake kama mwanagenzi anayetazama mikono ya fundi.

1. Kazi ya amani hufanyika mezani

Mei 15, 1957, Pauling alihutubia katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, akasema waziwazi kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yanawadhuru hata watoto ambao hawajazaliwa. Alishangiliwa sana. Wengi wetu tungeishia hapo, tukasubiri magazeti ya kesho. Yeye alikaa na wanasayansi wawili wa chuo hicho, Barry Commoner na Edward Condon, wakaandika ombi fupi la kuyataka mataifa yafunge mkataba wa kukomesha majaribio hayo, wakalidurufu na kulituma kwa wanasayansi wa vyuo mbalimbali. Kila nakala ilimtaka mpokeaji afanye jambo moja tu: aweke saini na airudishe. Katika muda wa wiki chache saini zilikuwa zimefika 2,000 hivi.

Rais Eisenhower alipoulizwa na waandishi wa habari alidokeza kwamba jambo hilo lilikuwa karibu kama limepangwa. Naam, lilikuwa limepangwa, na waliolipanga ni mume, mke na marafiki waliojitolea kuandika anwani na kulamba stempu. Kisha ombi likavuka bahari. Januari 1958 Pauling alimkabidhi Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, majina 9,235 ya wanasayansi wa nchi 44, na baadaye orodha ikafika majina 11,021 kutoka nchi 49. Mtu akitaka kujua uzito wa namba hizo asifikirie umati uwanjani. Afikirie karatasi ikienda na karatasi ikirudi, anwani iliyokosewa ikarekebishwa, jina lisilosomeka likaulizwa upya.

Sisi tunapenda mkutano. Kunakuwa na turubai, maji ya chupa, mgeni rasmi na risala. Risala husomwa, hupigiwa makofi, mgeni rasmi hukabidhiwa ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na huo ndio mwisho wa habari zake. Sisemi mikutano haifai. Wazazi wa watoto wagonjwa wanahitaji kuonana. Lakini tangu nisome habari za ombi la mwaka 1957, kila barua ya chama ninayoandika huwa najiuliza kwanza: huyu mpokeaji namtaka afanye nini, na atalifanyaje akiwa hapo hapo kitini kwake?

Na jambo jingine dogo. Barua nyingi za ofisini kwa Pauling, alizozisema kwenye kinasa sauti na katibu muhtasari akazichapa, zinaingia kwenye shabaha tangu mstari wa kwanza. Sisi tuliolelewa na “husika na kichwa cha habari hapo juu” tuna la kujifunza, ingawa naungama kwamba fomula hiyo bado naipenda. Ina heshima ya kubisha hodi.

2. Ofisi kubwa hukataa kwa sentensi moja

Mwaka 1952 Pauling aliomba pasipoti ili ahudhurie mkutano juu ya muundo wa protini uliokuwa ufanyike London mwezi wa Mei. Februari mkuu wa idara ya pasipoti, Ruth Shipley, akamjibu kwamba safari hiyo haikuonekana kuwa na maslahi kwa Marekani. Hapakuwa na shtaka wala ushahidi. Pauling akamwandikia Rais Truman moja kwa moja, yule yule aliyekuwa amempa nishani mwaka 1948 kwa kazi zake za wakati wa vita. Haikusaidia kwa wakati. Mkutano ukapita bila yeye. Aliendelea kuandika, wanasayansi wa Ulaya wakapiga kelele, na kufikia majira ya joto pasipoti ikatoka.

Watu hupenda kusimulia kwamba laiti angefika London mwezi ule wa Mei, angeziona picha za eksirei za Rosalind Franklin na kugundua muundo wa DNA kabla ya James Watson na Francis Crick. Ni hadithi tamu, nami siiamini. Mwenzake wa karibu, Robert Corey, alifika London na picha aliziona. Pauling mwenyewe alikuwa Uingereza miezi michache baadaye na hakwenda kuzitafuta. Ukatili wa barua ile ya kumnyima pasipoti hauhitaji kuongezewa chumvi.

Nilichokichukua hapa ni namna alivyolijibu jibu lisilo na sababu. Aliuliza sababu, kwa maandishi, kwa ngazi inayofuata, akihifadhi kila karatasi. Barua ya mstari mmoja yenye muhuri inatisha sana kwa mtu wa kawaida. Ukiisoma taratibu unaona kwamba haijasema kitu, na asiyesema kitu anaweza kuulizwa tena.

3. Andika siku hiyo hiyo

Agosti 2, 1939, Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt, iliyoandaliwa na Leo Szilard, kueleza kwamba huenda urani ikazaa bomu la aina mpya. Novemba 16, 1954, Pauling alimtembelea Einstein huko Princeton. Mzee alimwambia kwamba alifanya kosa kubwa maishani kwa kutia saini barua ile, ingawa kulikuwa na udhuru wake: hofu kwamba Wajerumani wangelitengeneza kwanza. Pauling aliyaandika maneno hayo katika shajara yake siku hiyo hiyo. Miezi mitano baadaye Einstein alifariki.

Tunayajua kwa sababu ya shajara ile. Sasa nina kaunta buku linalokaa mfukoni mwa mkoba, na simu ikikatika tu, naandika aliyeniambia, alilosema na tarehe.

4. Orodha ya waliokusaidia si mali yako

Hili ndilo lililonigusa kuliko yote, na naona limesahauliwa hata na wanaomsifu.

Juni 21, 1960, Pauling aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya usalama wa ndani. Aliyeongoza kikao ni Seneta Thomas Dodd wa Connecticut. Swali lilikuwa rahisi kwa sura: imewezekanaje mtu mmoja akusanye saini za maelfu ya wanasayansi duniani kote? Nyuma ya swali kulikuwa na tuhuma kwamba Wakomunisti ndio waliolipia na kusambaza. Pauling alieleza kwamba gharama zilikuwa dola mia chache tu. Majina ya waliosaini hayakuwa siri. Yalikuwa tayari Umoja wa Mataifa. Basi kamati ikadai kitu kingine. Ilitaka barua ambazo saini zililetwa nazo, yaani majina ya watu waliozunguka maabara kwa maabara wakiwaomba wenzao wasaini.

Alikataa. Alisema waziwazi kwamba watu hao wangeweza kusumbuliwa kwa kosa la kusaidia tu, na dhamiri yake haikumruhusu ajikinge kwa kuwatoa wao. Alijua uzito wa jambo lenyewe. Kulidharau agizo la Seneti kungeweza kumfikisha jela, naye alikuwa na umri wa miaka 59, profesa mwenye Nobel na wajukuu. Alikwenda mahakamani kutafuta kinga, hakuipata. Oktoba 11 alirudi mbele ya kamati, akaleta karatasi nyingine na kukataa tena yale majina. Kamati ikaachia hapo. Hakushtakiwa.

Aliona tofauti ambayo sisi wenye vyama vidogo huipuuza. Aliyesaini amekubali kujulikana. Aliyembeba msaini mpaka kwenye kalamu hajakubali lolote, na mara nyingi ndiye mnyonge zaidi: msaidizi wa maabara, mwalimu wa mkataba, muuguzi aliyeajiriwa juzi.

Chama chetu kilipoandika juu ya watoto wanaorudishwa nyumbani bila dawa yao ya haidroksiyurea, tulikuwa na takwimu nzuri. Mkubwa mmoja aliniita, akanikaribisha chai, akaniuliza kwa upole mwingi, “Mwalimu, hizi namba mmepewa na nani?” Nikamjibu kwamba barua ina saini moja, nayo ni ya katibu. Akatabasamu, akauliza tena kwa njia nyingine, na nikamjibu vile vile. Chai ilikuwa nzuri. Nilipofika nyumbani nilichukua daftari la kikao na kuhakikisha kwamba jina la aliyetupa namba hizo halikuandikwa mahali popote, kwa sababu kuna karatasi za kuhifadhi na kuna karatasi ambazo hazipaswi kuwapo tangu mwanzo. Hili la pili sikulitoa kwa Pauling, ambaye alihifadhi kila kitu. Nadhani alijiamini zaidi ya uwezo wangu.

5. Barua za nyumbani hubeba mzigo mkubwa

Peter, mtoto wa Pauling, alikwenda kusoma Cambridge mwaka 1952, akapangwa ofisi moja na James Watson na Francis Crick. Baba akamwandikia kwamba amepata muundo wa DNA, kisha mwanzoni mwa mwaka 1953 akamtumia nakala ya makala yenyewe. Peter akaionyesha. Wale wawili wakaona minyororo mitatu badala ya miwili, na vikundi vya fosfeti vikiwa vimepachikwa hidrojeni ambazo katika asidi hiyo hazingebaki hapo. Kosa la kemia, lililofanywa na bingwa wa kemia. Wakajua bado wana nafasi, ila si kubwa. Machi 12 Watson alimweleza Max Delbrück, huko huko California alikokuwa Pauling, muundo wao mpya kwa barua, na kumwomba asimwambie Pauling. Delbrück akamwonyesha. Aprili 25 makala yao ikatoka katika Nature.

Ukiusoma mfululizo huo wa barua unaona kwamba historia ya sayansi imepita kwenye salamu za mzazi na mwanawe. Sina funzo kali la kutoa hapa. Peter hakuiba kitu, na Pauling alipoona modeli ya wale vijana alikiri bila kinyongo kwamba wako sahihi.

Barua nilizozirudia ni zile za Ava Helen Miller. Walikutana mwaka 1922, yeye mwanafunzi, Pauling akiwa kijana anayefundisha darasa lao la kemia. Wakaoana Juni 1923, baada ya mwaka wa kuandikiana kati ya Corvallis na Pasadena. Ava Helen ndiye aliyemvuta kwenye mambo ya amani, na alikuwa mwanaharakati kwa haki yake, si msaidizi wa bwana mkubwa. Siku moja baada ya mumewe kuhutubia juu ya vita, alimwambia kwamba kwenye kemia anasema kama anayejua, lakini kwenye siasa anasikika kama anayenukuu wengine. Basi ama asome mpaka ajue mwenyewe, ama aache. Pauling akatumia miaka akisoma uhusiano wa kimataifa, sheria na historia kwa bidii ile ile ya maabara. Kila katibu angepata msomaji wa namna hiyo nyumbani, halmashauri zetu zingepokea barua chache na bora.

6. Mlango ulio wazi hauchagui mgeni

Pauling alijibu watu wengi asiowajua. Kwa mlango huo huo ziliingia barua za mwanafalsafa Bertrand Russell na za Albert Schweitzer, daktari aliyekuwa na hospitali Lambaréné, Gabon, ambaye Aprili 1957 alikuwa ametoa tamko kwa redio ya Oslo dhidi ya majaribio ya nyuklia. Mwaka 1959 akina Pauling walifunga safari hadi huko kumwona. Hofu waliyokuwa wakiandikiana haikuwa mbali na bara letu: Februari 13, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, katika Sahara ya Algeria.

Kwa mlango huo huo ziliingia barua za matusi, za wanaomwita msaliti.

Na mwaka 1966 akaingia Irwin Stone. Alikuwa amemsikia Pauling akisema katika hotuba kwamba angependa kuishi miaka mingine kadhaa aone sayansi inafika wapi. Akamwandikia kwamba dawa ipo: vitamini C, miligramu 3,000 kwa siku. Pauling na mkewe wakajaribu, wakajiona wana afya bora, na mwaka 1970 akatoa kitabu juu ya vitamini C na mafua. Baadaye akaidai hata kwa saratani. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa na Mayo Clinic hayakuona faida hiyo, yeye akayapinga mpaka mwisho. Mtu aliyewafundisha wenzake kupima kabla ya kusema alijipima mwenyewe nyumbani na akaridhika.

Nawaambia wazazi kisa hicho bila kumpunguzia. Kila juma kuna anayetuandikia juu ya mzizi, maji ya dua au kopo la unga linaloponya selimundu. Barua hizo nazijibu zote, kwa adabu, na jibu ni lile lile: mtoto asiache foliki asidi wala kliniki.

7. Mkali kwa maandishi, mpole mlangoni

Machi 1, 1962, Pauling alimpelekea Rais Kennedy ujumbe mkali kuliko yoyote niliyosoma: alimuuliza kama atatoa amri ya kurudia majaribio angani na kuingia katika historia miongoni mwa watu waovu kabisa. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwandikia kiongozi wa Kisovieti, Khrushchev, pia kupinga majaribio ya Warusi, jambo ambalo waliomwita kibaraka hawakupenda kulikumbuka. Aprili alisimama na bango nje ya Ikulu ya Marekani. Jioni ya Aprili 29 akabadilisha nguo, akaingia ndani ya Ikulu hiyo hiyo kwa karamu ya washindi wa Nobel, ambako Kennedy alimpokea kwa mzaha na kumwambia aendelee kusema maoni yake. Yeye na Ava Helen wakacheza dansi.

Ujumbe ule mimi nisingeutuma. Ukimwita mtu mwovu unampa sababu ya kutosoma aya ya pili. Karamu, hata hivyo, ningekwenda.

8. Nakala ya kaboni

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio angani, majini na anga za juu ulitiwa saini Moscow Agosti 5, 1963, ukaanza kutumika Oktoba 10. Siku hiyo hiyo Oslo ikatangaza kwamba Tuzo ya Amani ya mwaka 1962 ni ya Pauling. Yeye na Ava Helen walikuwa shambani kwao Big Sur, mahali pasipo na simu. Habari ililetwa na askari wa msitu aliyetumwa awaite. Kwao hakupata shangwe nyingi. Jarida la Life liliandika kwamba tuzo hiyo ni tusi kutoka Norway, na uongozi wa chuo chake, Caltech, alikokuwa tangu mwaka 1922, ulimpongeza kwa baridi sana. Akaondoka.

Majalada akaondoka nayo. Mwaka 1986, miaka mitano baada ya kifo cha Ava Helen, akaamua yote yaende Corvallis, yake na ya mkewe pamoja, kwa sharti kwamba yasitenganishwe. Humo mna barua alizopokea na nakala za kaboni za alizotuma, kwa hiyo msomaji anasikia pande zote mbili za mazungumzo. Katika majalada ya wilaya nyingi utakuta majibu tu. Swali lililoulizwa hulioni.

Chama chetu kina kabati moja la chuma na boksi faili kwa kila mwaka. Mweka hazina hulalamikia fedha za kutoa kopi na ana hoja, maana karatasi imepanda bei. Muhula wangu umekwisha. Katibu mpya ni binti anayesomea uuguzi, mwenye selimundu mwenyewe. Siku ya makabidhiano aliomba ufunguo wa kabati, akasoma nakala ya barua yangu ya mwisho kwa mganga mkuu wa wilaya, akachukua kalamu na kukata aya mbili za mwanzo.

“Samahani, Mwalimu,” akasema, “ombi lenyewe linaanzia hapa.”